Jenerali Alisema Kontakti

Athu mwanangu,

Ukirudi ukamkuta mama yako amekalia begi lako, usimvute wala usimbishie. Soma hii kwanza. Nitakuwa nimeshamwambia, na kwa nitakayomwambia ana haki ya kukalia hata bawa la ndege.

Nakuandikia ndani ya gari la Jenerali, nimeliegesha hapa chini mbele ya kiduka cha spaza, karatasi iko juu ya usukani. Huko juu hakuandikiki. Mama yako anakaanga maandazi ya safari, wapangaji wa chumba cha pili wanaangalia mpira, na mdogo wako anauliza kila saa kama utamletea nyani. Wewe umetoka na Paskali kuagana na wenzenu. Ukiona herufi zinapanda kilima ujue ni woga tu. Pombe mimi hunijui nayo.

Naandika Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, midomo inachezacheza, na mahali fulani utasema "eish, taima", hilo jina lenu la kumwita baba. Sawa. Kiingereza ndicho kilichonifikisha hapa, acha kinipumzishe kidogo.

Habari za soksi, dawa ya malaria, kuswali, kutokula vya njiani, mama yako keshakwambia na atakwambia tena. Mimi nina jambo moja, na naomba Mungu nisilizunguke, ingawa najijua.

Huko mnakokwenda kesho mtapigwa risasi.

Sijasema huenda. Na si siri mpya iliyofichuka. Jenerali aliisema siku ile ile ya kwanza, mbele ya wazazi wote, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Yeye alisema. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake kwa Kiswahili, na mimi sikuisema.

Ngoja. Ngoja nianze na yeye, la sivyo hutaelewa.

Wewe Jenerali unamjua kwa bega tu. Alikushika bega pale ukumbini akakuita askari, ukarudi nyumbani Berea unatembea kama umemeza ufagio. Mimi ndiye ninayemwendesha kila siku, na kwenye gari mtu huongea. Alikuwa mkubwa wa majeshi ya kwao Ujerumani kwenye vita vya mbali, nchi ya milima na vumbi, vita ambavyo watu wa kwao wenyewe walikuwa hawapendi hata kuvitaja mezani. Vilipokwisha wakamvalisha nishani, wakamwambia akapumzike. Na mwili wake bado una nguvu. Anasema alikaa nyumbani, mkewe akimtuma mkate anarudi na mkate pamoja na ripoti kwamba foleni ya pale imepangwa vibaya. Mke akachoka. Basi akaanza kuitwa mahotelini kuwahutubia watu wa makampuni. Wauza matairi, wauza bima, anawasimulia jinsi ya kuvuka bonde huku unapigwa kutoka juu, wanapiga makofi, wanarudi kwenye samaki wao. Alikuwa anaitwa pia kwenye maziko ya askari wake, wale waliorudi wazima kisha wakafia majumbani kwa mambo ya vichwani mwao. Hayo akaacha kwenda. Ndipo hii kampuni ya ulinzi ya Marshalltown ikamleta huku Joburg. Yeye halindi kitu. Jina lake liko juu ya karatasi zao, na wateja wakija anakaa mwisho wa meza, basi. "Wananunua jina langu, Saidi," aliniambia siku moja. "Kitu kingine sina cha kuuza."

Si mtu mbaya. Nataka uelewe hilo, maana ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Aliposikia natoka Tanga alifurahi utadhani tulicheza pamoja utotoni. Nikamwambia hata hili neno shule tumelipata kwenu, na hela pia.

"Kumbe tuliwaachia shule na hela?"

"Shule mliacha, mzee. Hela mliondoka nazo."

Akacheka mpaka akavua miwani. Siku nyingine akaniuliza mtu aliyemaliza jeshi anaitwaje kwa Kiswahili. Nikasema mstaafu. Akataka maana yake ya ndani, Wajerumani ndivyo walivyo, wanataka kufungua kila kitu waone nati. Nikamwambia alivyonifundisha ustadhi wangu madrasa pale Ngamiani, kwamba neno linatoka kwenye kuomba uachiliwe, kuomba radhi uende zako. Akaitazama taa ya roboti mpaka ikawa kijani.

"Mimi sikuomba," akasema. "Waliniacha tu."

Wakati ule niliona ni maneno ya mzee mwenye usingizi. Nikaendelea kuendesha.

Sasa ukumbini. Wewe ulikuwa umekaa mbele kabisa na Paskali, shati jeupe, mmenyoosha shingo. Kampuni ilitaka vijana wanaojua Kiswahili kwa ajili ya ule mgodi wa Kongo, maana watu wa vijiji vya pale ni Waswahili, na Jenerali akasema hataki kuwatia vijana kwenye gari bila wazazi kusikia. Hilo lilikuwa wazo lake, si la kampuni. Wakakodi ule ukumbi karibu na uwanja wa farasi wa Turffontein. Na mkalimani nani? Saidi dereva. Nilinyoa. Nilivaa koti la mjomba wako. Unakumbuka ulinicheka ngazini ukasema, "Taima, unaenda kuoa?"

Nilikuwa na furaha, Athu. Miaka yote hii hapa Joburg, Kiingereza nimekiokota redioni, kwenye video, kwenye vibao vya barabarani, hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha daftari, na leo nimesimama kati ya jenerali na watu wangu. Na nilikuwa naenda vizuri. Mishahara, zamu, chakula, likizo, nilitiririka.

Ndipo akasimama Mama Paskali. Unamjua yule mama, Mkongomani wa Bukavu, anauza vitenge barabarani kule mjini na hana muda na maneno ya kuzunguka. Akasema:

"Mie niko na ulizo moja tu. Kule kuko vita? Aseme wazi. Nilikimbia vita na huyu mtoto mgongoni, siwezi kumurudisha na ndege."

Nikamtafsiria Jenerali. Jenerali akaweka kalamu chini. Akamtazama yeye, hakunitazama mimi. Akasema vita vimekwisha, lakini hatamdanganya mama wa mtu. Akasema kutakuwa na kontakti. Pengine kila wiki. Vijana watafundishwa kuikabili.

Kontakti.

Mimi kontakti naijua. Iko kwenye simu yangu. Mtu akihama Hillbrow anakwambia "nipe kontakti zako". Sikufikiri hata robo ya pumzi. Nikageuka kwa wazazi, nikafungua mikono kama shehe wa harusini, nikasema: "Anasema vita imekwisha, na yeye hadanganyi mama wa mtu. Kutakuwa na mawasiliano. Pengine kila wiki. Na vijana watafundishwa hayo mawasiliano."

Mama Paskali akauliza, "Kila wiki?"

"Kila wiki, mama."

"Basi huyu muzungu ni muzazi," akasema, akapiga kigelegele. Wenzake wakadaka. Ukumbi mzima ukaitikia, mama yako naye. Mkaanza kupanga foleni ya kutia saini na vigelegele vikiwa bado hewani. Nilimwona Jenerali amesimama, ametoa macho, mkono uko kifuani. Nikadhani amefurahishwa na desturi zetu.

Sasa sikiliza hili. Kuna sekunde moja kabla sijafungua mdomo niliona kitu. Niliona jinsi alivyoweka ile kalamu. Mtu haweki kalamu chini hivyo kwa ajili ya simu. Niliona, na ningeweza kumuuliza, "Mzee, kontakti una maana gani?" Maneno machache tu. Lakini ningeonekana sijui, mbele ya Waswahili wote wa Joburg, na koti lile.

Huo ndio ugonjwa wangu na wewe unaujua kuliko mtu yeyote. Ulipokuwa darasa la nne ulikuja na kazi ya shule, mchore na mweleze faya drili. Ukaniuliza, baba, ni nini? Mimi sikujua. Lakini nilijua faya ni moto na drili ni keekee, nikakwambia ni keekee ya moto, ya kutobolea chuma kizito. Ukachora kitu kikubwa, moto unatoka mdomoni, na mtu amevaa miwani ya welda. Ulichora vizuri sana. Darasa zima likaangua kicheko, wao wamechora watoto wanatoka nje kwa mstari kengele ikilia, mazoezi ya kukimbia moto. Hukunilaumu. Ulirudi ukaweka mchoro chini ya godoro, na tangu hapo hukuniuliza tena neno. Ukaanza kunijibu kwa Kiingereza. Watu husema ni nchi hii, watoto waliozaliwa huku wote hupoteza Kiswahili. Mimi huitikia, eeh, ni nchi. Si nchi. Ni keekee.

Na mambo yangu mengine yote ni watoto wa ugonjwa huo. Yule jirani niliyemwambia najua umeme, tukalala jengo zima gizani na wazee wa ghorofa ya sita wakapanda kwa miguu wakinitukania mama. Mama yako niliyemwambia najua Joburg, kabla sijaijua hata kwenye ramani. Nilikuwa na umri wako huo huo ulionao sasa, wewe uko tumboni, nami nasema nimepanga kila kitu. "Sijui" ni neno fupi, Athu. Lina herufi tano na nimelikimbia tangu Tanga.

Sasa nilijuaje? Jumamosi nilimpeleka Jenerali kwenye mbio za farasi, pale pale Turffontein. Yeye habahatishi, anapenda kuwatazama wakitembezwa kabla ya kukimbia. Alikuwa na rafiki zake wawili wazee, wanajeshi wa zamani wa hapa. Mimi nimesimama nyuma yao nimeshika koti lake. Akaanza kuwasimulia habari zetu. Alikuwa anasimulia kwa heshima, sauti ya chini, kama mtu anayesimulia muujiza. Akasema niliwaambia wale kina mama kutakuwa na kontakti kila wiki, na unajua walifanya nini? Walishangilia. Akasema kwetu Ujerumani nimewagongea milango kina mama wa askari waliokufa, najua nyuso zao, sijawahi kuona ujasiri wa namna hii.

Rafiki yake mmoja akakunja uso. Akasema, ngoja, uliwaambia watoto wao watarushiana risasi na watu kila wiki, wakashangilia?

"Walishangilia," akasema Jenerali.

Farasi wakapita. Mimi nikaona koti liko chini na sijui limefikaje.

Ndani ya gari nikamwambia. Yote, mawasiliano, simu, kigelegele. Nilitegemea atanifukuza pale pale. Hakupandisha sauti. Alitoa miwani akaifuta, akaivaa, akaitoa tena akaifuta.

"Kwa hiyo hawakuwa majasiri," akasema.

"Hawakujua, mzee."

"Hapana. Hawakujua." Halafu akasema taratibu, "Nilifurahi sana siku ile, Saidi."

Tukaenda. Tulipofika getini kwake akaniwekea mkono begani, mkono ule ule. Akasema vijana wameshatia saini, ndege imeshakodiwa, mafunzo yatawaeleza kila kitu wakifika. Akasema nisiwatie hofu sasa. Anayekwenda na hofu ndiye anayekufa kwanza, yeye ameona. Nikamuuliza, mzee, mwanao naye alikuwa jeshini? Akasema hapana, mwanangu ni daktari wa meno. Jeshi nilimkataza.

Hakuona kama amesema kitu. Akashuka, akaniaga, akapita kati ya maua yake.

Nimekaa na hilo tangu Jumamosi. Jumapili nilikuona unapiga pasi suruali. Jana mlipimana buti na Paskali kwenye korido, mnapigiana saluti, mnacheka. Nikasema moyoni, Jenerali ni mtu wa vita, anajua, niache. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kazi, niliogopa hili gari, niliogopa uso wa Mama Paskali. Leo mchana nikaiba pasipoti yako begini nikaiweka chini ya kiti hiki nilichokalia. Halafu nikajiona. Nikirudi juu nitairudisha pale pale, kwenye mfuko wa pembeni. Ukiikosa uliza mimi, usimuulize mdogo wako.

Kuna jambo sijawahi kukwambia kuhusu kuja kwangu huku. Baba yangu, babu yako, aliniaga pale Ngamiani kwa kunisomea dua na kuniambia nchi ni nzuri, nenda, Mungu yupo. Nilikuwa nimefika hapa mwaka mzima ndipo mzee mmoja wa Tanga, muuza mkaa, aliposikia ukoo wangu akaniuliza, "Wewe ni damu ya Mbaruku, yule waliyemuua huku kwenye vurugu za vitongojini, kule lokesheni?" Mbaruku ni baba yangu mkubwa, Athu, kaka wa babu yako. Sisi nyumbani tuliambiwa alikufa kwa kifua. Baba alijua. Alinyamaza ili nisije na hofu. Nikampigia simu nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ungeogopa." Nikamwambia, ningeogopa, ndiyo, lakini ningejua mtaa upi nisipite usiku. Hatukuongea sawasawa mpaka alipofariki. Hilo la Jenerali, kwamba hofu inaua, mimi nilishalisikia kwa babu yako, na nilishalikataa. Halafu Jumamosi nikalikubali kwa sababu limesemwa kwa Kiingereza.

Basi nakupa hofu. Ichukue, ni yako. Kontakti kwa wanajeshi ni kukutana na adui na kupigana. Kuna watu wanautaka ule mgodi na wana bunduki, na ninyi mtawekwa kati yao na mgodi. Mtakuwa barabarani mnasimamisha magari, na wewe Kiswahili chako ni cha kusema "wewe kuja hapa". Mzee wa Kikongo ukimwambia wewe kuja hapa una bunduki mkononi, hujui umemfanya nini. Hilo naliogopa kuliko hata risasi.

Sikukatazi. Ningependa. Nimeandika sikukatazi na kalamu imeingia karatasini mpaka upande wa pili, utaona. Lakini nimekuona ukitembea Marshalltown na vyeti vyako kwenye bahasha mpaka bahasha ikaoza pembeni. Najua ulivyorudi kila jioni ukasema "sharp, niko sharp", eti uko salama, ukalala na viatu. Siwezi kukwambia baki kwa sababu sina cha kukwambia ubaki nacho. Ukiamua kwenda nitakubebea begi mwenyewe. Ukiamua kubaki tutabanana hapa hapa, na nitakachokula utakula. Ila uamue ukiwa umesikia alichosema yule mzee, si nilichosema mimi.

Napanda sasa kumwambia mama yako. Ninamwogopa kuliko Jenerali, na unajua nina sababu.

Kesho asubuhi, kabla ya gari la kampuni kufunga milango, nitasimama pale chini wazazi wote wakiwepo, na Jenerali akiwepo, maana amesema atakuja kuwaaga. Nitatafsiri upya. Nitaanza na swali la Mama Paskali na nitamjibu neno kwa neno. Sijui atafanya nini. Sijui Jenerali atasema nini, wala kama kesho kutwa nina kazi. Mtu akitupa jiwe, usinitetee.

Ninachoomba ni kimoja. Simama karibu yangu. Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu, kimekuwa hivyo tangu zamani na sikuwahi kukiri. Nikikosea neno, nisahihishe hapo hapo, mbele za watu.

Ni mimi baba yako,
Saidi